Dawa ya Mwani: Tumwambie Nini Mgonjwa?

Leo nataka kuungama jambo mbele yenu, kisha tulifikiri pamoja. Si wizi wala ulevi. Ni maneno machache tu niliyoyasema jioni moja mlangoni pangu, hapa Kasomeno, na matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu.

Wengi wenu mnapajua petu kwa kupita tu. Ni njia panda: barabara itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, moja yashika upande wa Kasenga na mto Luapula, nyingine yaelekea Pweto. Kwa hiyo magari husimama, abiria hununua mihogo na samaki wakavu, na wachuuzi hushuka na mizigo yao. Siku moja alishuka mchuuzi mwenye vikopo vya unga wa kijani kibichi. Alisema ni unga wa mimea ya majini, jina lake spirulina, na kwamba wataalamu wa Ulaya wameupima wakaona kuwa unaua virusi vya kila namna: vya mafua, vya surua, hata vya UKIMWI.

Mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, mwimbaji wa kwaya, alikuwa akimeza vidonge vya ARV kwa miaka mingi na afya yake ilikuwa nzuri. Aliposikia habari ya ule unga hakumwamini mchuuzi mara moja. Alikuja kwangu, kwa sababu mimi ni mwalimu na nyumbani kwangu mna vitabu. Akaniuliza: “Mwalimu, wewe unayesoma, ile habari ya unga wa kijani ni kweli?”

Bahati mbaya nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo si siku nyingi kabla. Nikamjibu kwa furaha ya mtu anayejua: “Ndiyo, mama, ni kweli. Wajapani wameona kwamba ndani yake mna kitu kinachozuia virusi.” Akashukuru, akaenda zake.

Aliuza mbuzi wawili. Alikunywa ule unga asubuhi na jioni, na vidonge akaviacha, maana alifikiri kwamba dawa mbili za ugonjwa mmoja zitapigana tumboni. Miezi minne ikapita. Kikaja kikohozi, ikaja homa ya usiku, akakonda hata watoto wa kwaya wakawa wananong'ona. Muuguzi wa kituo cha afya alimhoji, naye akaeleza yote. Tunamshukuru Mungu, alirudishiwa vidonge vyake, akatibiwa kifua, na leo anaimba tena, ingawa sauti haijarudi sawasawa. Nilipokwenda kumwona akiwa bado kitandani, nilikusudia kuomba msamaha, lakini ulimi ukanitangulia nikaanza kujitetea: “Lakini mama, mimi sikukudanganya.” Akanijibu pole pole: “Hukudanganya, mwalimu. Hukumaliza kusema.”

Neno hilo limenisumbua tangu siku ile. Katika katekisimu tumefundishwa kwamba uongo ni kusema kinyume cha yaliyomo moyoni kwa nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho mimi sikuivunja amri ya nane. Niliyoyasema niliyaamini, tena yalikuwa ya kweli. Je, mtu aweza kusema kweli tupu na hata hivyo akamkosea jirani yake kwa neno lilo hilo?

Kwanza tuangalie nilichokuwa nimekisoma, maana msomaji atataka kujua kama habari yenyewe ilikuwa na msingi. Ilikuwa nao. Yale majani laini yanayoota majini bila mizizi ya kweli, watu wa pwani huyaita mwani yakiwa ya baharini. Yale ya madimbwini, sisi huku bara tunayaita tu utelezi wa kijani. (Spirulina, wataalamu wa siku hizi huihesabu pamoja na bakteria, lakini tangu zamani imewekwa kundi moja na mwani, nasi tuiache humo.) Wanawake wa kabila la Kanembu, kando ya ziwa Chad, huikusanya majini, huikausha juu ya mchanga na kuipikia mchuzi. Huiita dihé. Ni chakula kizuri, na kwa mtu asiyepata nyama ni msaada mkubwa.

Habari ya virusi nayo si ya jana. Mwaka 1958 huko Marekani, Paul Gerber na wenzake walitoa sukari fulani katika mwani mwekundu, wakaitia katika mayai ya kuku yenye vifaranga ndani, wakaona kwamba vifaranga wengi walikingwa na virusi vya mafua na vya matubwitubwi. Mwaka 1996 Wajapani walipata katika spirulina sukari ya namna hiyo, wakaipa jina la kalsiamu spirulani, na katika vyombo vya maabara ilizuia virusi vya malengelenge, vya surua, vya mafua, na hata vya UKIMWI. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nimeisoma.

Namna inavyofanya kazi si vigumu kuielewa. Mnazijua zile mbegu zenye miiba midogo zinazoshika nguo zetu tukipita porini. Kirusi nacho kina miiba kama hiyo juu ya ngozi yake. Kwa miiba hiyo hujishikiza katika chembe ya mwili wetu, kisha huingia na kuzaana ndani yake. Sukari za mwani zina chaji ya umeme iliyo kinyume cha ile ya miiba, kwa hiyo huinatia na kuifunika, kama vile ungezipaka mbegu zile ulimbo: zingepita juu ya nguo bila kushika. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walitangaza kitu kingine, protini iitwayo griffithsin, iliyotolewa katika mwani mwekundu wa bahari ya New Zealand, nayo hunata juu ya ngozi ya kirusi cha UKIMWI kwa nguvu ya ajabu hata ikiwa kidogo sana. Wamefaulu hata kuitengeneza kwa wingi ndani ya majani ya tumbaku. Majaribio yake bado hayajatoa dawa ya kuuzwa dukani.

Wala asiseme mtu kwamba ni upuzi kutafuta dawa majini. Kwinini ilitoka katika ganda la mti, na mti huo hulimwa Kivu. Baharini nako, Werner Bergmann alitoa katika sifongo la Karibi vitu ambavyo alivitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Vitu hivyo viliwafungulia njia wengine, na mwaka 1976 ikapatikana vidarabini, dawa ya kweli ya virusi iliyoruhusiwa Marekani. Angalieni tu ile miaka katikati: karibu 25.

Basi, kama yote haya ni kweli, kosa langu liko wapi?

Nimelitafuta kwa muda mrefu, na nadhani nimelipata. Mimi nilisikia swali la vitabu: kuna mtu aliyeona kitu hiki kikizuia virusi? Jibu la swali hilo ni ndiyo. Lakini mama yule hakuniuliza habari za Wajapani. Alikuwa akiniuliza: kesho asubuhi nikiamka, nimeze nini? Swali la mgonjwa karibu daima ni swali la kutenda, hata akilivika maneno ya kuuliza habari tu. Nami nilimjibu swali asiloliuliza, yeye akalitumia jibu lile kwa lile alilouliza. Nilipima neno langu kwa yale niliyoyajua mimi, sikulipima kwa yale atakayoyafanya yeye. Na nilikuwa na sababu mbovu ya kufanya hivyo: ilinipendeza kuulizwa. Mwalimu akiulizwa na watu wazima hupenda kujibu “ndiyo” au “hapana” kwa sauti kubwa. “Sijui” humkwama kooni.

Ningemaliza kusema, ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba kuzuia virusi ndani ya chupa na kumponya mtu ni mambo mawili. Sabuni huharibu virusi vingi vilivyo mikononi, wala hakuna anywaye sabuni. Ndani ya chupa kile kitu hugusana na kirusi papo hapo. Ndani ya mwili hakina budi kupita tumboni, kuingia katika damu, kufika mahali virusi vilipojificha, na kisidhuru kitu kingine njiani. Zile sukari za mwani ni kubwa mno. Ukizila, tumbo halizipitishi katika damu ila kidogo sana. Zikidungwa moja kwa moja katika damu, nyingi za jamii hiyo huizuia damu isigande, na jeraha dogo laweza kumtoa mtu damu nyingi. Mama yule alikula chakula kizuri miezi minne, na virusi vyake havikupata habari.

Hapo ndipo lilipo jambo zito zaidi. Kama chupa haitoshi, ni nani atakayetuambia ukweli? Hapana njia ila kupima kwa watu. Na watu si vifaranga.

Mfano mkubwa wa kupima dawa ya mwani kwa watu ulifanyika katika bara letu. Huko Zanzibar, tangu mwaka 1989, mwani hulimwa kwa ajili ya biashara katika vijiji kama Paje na Jambiani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameihimiza kazi hiyo miaka mingi kabla. Wakulima wengi ni wanawake: maji yakitoka huenda ufukoni, hufunga vipande vya mwani katika kamba, huvuna, hukausha na kuuza. Katika mwani wa namna hiyo viwanda vya nje hutoa karaginani, kitu cha kufanya maji yawe mazito, nacho mmekwisha kukila au kupigia mswaki bila kujua, maana hutiwa katika aisikrimu na dawa ya meno. Karaginani nayo ni mojawapo ya sukari zile zinazonatia virusi.

Basi wataalamu wa shirika la Population Council walitengeneza kwa karaginani dawa laini ya kupaka, wakaiita Carraguard. Walitumaini kwamba mwanamke akiitumia atajikinga na virusi vya UKIMWI. Katika chupa ilifaulu. Kwa wanyama ilitoa matumaini. Majaribio madogo kwa wanawake yalionyesha kwamba haidhuru. Kisha tangu mwaka 2004 hata 2007, huko Afrika Kusini, wanawake 6,202 walikubali kuijaribu. Nusu yao walipewa Carraguard. Nusu nyingine walipewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Wote walipewa mashauri ya kujikinga. Hesabu ilipofunguliwa, waliopata virusi katika kundi la dawa walikuwa 134, na katika kundi lisilo na dawa 151. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake yaweza kuileta. Dawa haikuonekana kukinga. Ilijulikana pia kwamba wengi hawakuitumia kila mara ilipowapasa, kwa hiyo wengine wanabishana hata leo kama ni dawa iliyoshindwa au ni matumizi.

Ukiisoma habari hiyo upesi utasema: kazi bure, na fedha nyingi zimepotea. Ukiisoma pole pole utaona uchungu. Wanawake 285 walipata ugonjwa mkubwa katika miaka ile, na 151 miongoni mwao walikuwa wakipaka kitu kisicho na nguvu yoyote. Je, ni halali kumpa mtu dawa tupu na hali yumo hatarini?

Mwezi wa Septemba mwaka 1952, Papa Pio XII aliwahutubia waganga juu ya jambo hili. Kwa kifupi alifundisha kwamba faida ya elimu, hata faida ya watu wote, haimpi mganga ruhusa ya kumtumia mgonjwa kama chombo. Mganga hana haki juu ya mwili wa mgonjwa zaidi ya ile anayopewa na mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa naye si bwana wa mwili wake kiasi cha kuutupa. Kwa hiyo mtu aelezwe, akubali kwa hiari, wala asiwekwe katika hatari isiyolingana na faida. Kwa maoni yangu, ile dawa tupu ni halali kwa sharti moja: kwamba kweli hakuna ajuaye kama dawa yenyewe yafaa. Kama wanajua na wanaficha, ni dhambi. Kama hawajui, basi hakuna aliyenyimwa kitu kilichojulikana kuwa chema, na kila mmoja amewekwa katika kundi lake kama kwa kura. Tena yaweza kuwa aliyekosa dawa ndiye aliyepata heri. Mwaka 2007 jaribio la dawa nyingine ya kupaka, iliyotengenezwa kwa pamba, yenye chaji kama ile ya mwani, lilisimamishwa katika nchi kadha, Uganda ikiwamo, kwa kuwa ilionekana kwamba huenda waliopewa dawa ndio waliopata virusi zaidi. Katika chupa nayo ilikuwa imefaulu.

Wale wanawake wa Afrika Kusini hatuyajui majina yao. Walitupa neno “haikuonekana kukinga”, na neno hilo lilinunuliwa kwa gharama. Mimi nilipomwambia mama wa kwaya “ni kweli, inazuia virusi”, nililipuuza neno lao, ingawa lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka mingi. Ni kana kwamba walijisumbua bure. Hilo nalo nalihesabu katika kosa langu.

Najua baadhi yenu mtanipinga. Rafiki yangu mmoja, katekista mzee, alinipinga kwa nguvu tulipokuwa tukila bukari nyumbani kwake. Alisema: “Wewe wataka tumwondolee mgonjwa tumaini. Mtu asiye na tumaini hufa kabla ya siku yake. Hata kama dawa si hakika, mwache aamini.” Hoja hiyo si ya kijinga. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya kaskazini, aliiwaza kabla yetu, yapata mwaka 420. Aliweka mfano wa baba aliye mgonjwa sana, ambaye mwanawe amekufa naye hajui. Akiuliza “mwanangu yu hai?”, ukimwambia kweli utamwua. Augustino hakujifanya jiwe. Alikiri kwamba mfano huo wamtikisa moyo, na kwamba watu watamlaumu. Hata hivyo hakukubali uongo, maana aliona kwamba mlango ukifunguliwa kidogo kwa huruma, hautafungika tena.

Mimi sifiki kwa Augustino, lakini nilimjibu mzee wangu hivi. Yule baba wa mfano alikuwa hana la kufanya. Kujua au kutojua kusingemfanya achague njia nyingine. Mgonjwa wetu anachagua kila asubuhi. Anayo fedha kidogo, anayo nguvu kidogo ya kutembea mpaka kituo cha afya, na anavyo vidonge vinavyojulikana kuwa vyafaa. Ukimpa tumaini lisilo na kipimo, hulitii juu ya yale aliyo nayo. Unamnyang'anya yale ili apate kushika lako. Mbuzi wawili si kitu kidogo kwa mjane. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Lakini kama hana dawa nyingine yoyote?” Hapo, wasomaji wapenzi, hata sasa sina jibu jepesi. Kama hana nyingine, nadhani yafaa kumwambia vilevile yote, na kumwacha achague, na kukaa naye. Anayezoea kuwaficha wenye shida kubwa atawaficha na wengine.

Wengine watasema: “Si ni majani tu? Yasipoponya hayatadhuru.” Neno hili ni la hatari kwetu sisi tulio karibu na maji. Baada ya yule mchuuzi kuondoka, niliona watoto wawili wakikusanya utelezi wa kijani dimbwini, wametumwa na wakubwa, wakidhani ni kitu kilekile. Niliwazuia. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, nchini Brazil, maji yenye sumu ya utelezi wa namna hiyo yalitumika hospitalini katika mashine za kusafishia damu wagonjwa wa figo, na wagonjwa zaidi ya 50 wakafa kwa kuharibika ini. Hao sumu iliwaingia katika damu moja kwa moja, ni kweli. Lakini utelezi wa dimbwi hauna jina juu yake, na kwa macho huwezi kutenga chakula na sumu. Hata wanaolima spirulina kwa uangalifu huyapima maji yao.

Kuna na wale wasemao kwamba kupima ni mambo ya wazungu, sisi tuna imani yetu na miti yetu. Jambo hili naliona kinyume kabisa, na mfano nautoa katika nchi yetu, ingawa si wa mwani. Ebola ilipowaka Kivu ya Kaskazini, dawa nne zilipimwa tangu Novemba 2018 kwa wagonjwa 681, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Jaribio hilo lilipewa jina kwa lugha yetu: Pamoja Tulinde Maisha. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa dawa iitwayo ZMapp, iliyokuwa imewaokoa nyani, walikufa karibu 50. Waliopewa remdesivir walikufa 53. Lakini dawa mbili nyingine ziliwapunguza wafu hata kufikia 35 na 34, na moja kati ya hizo mbili ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Hapo Agosti 2019 wakaziacha zile mbili dhaifu. Kama wangeridhika na habari ya nyani, tungali tukiwapa watu wetu dawa isiyofaa kwa heshima kubwa.

Kisha mpox. Dawa iitwayo tecovirimat ilikuwa na sifa njema kwa wanyama. Ilipimwa Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru kwa watu 597, na Agosti 2024 ikatangazwa kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini katika makundi yote mawili, la dawa na lisilo na dawa, walikufa chini ya watu 2 kwa kila 100, pungufu kuliko ilivyo kawaida nchini. Walikuwa wamelazwa, wanalishwa, wanaoshwa vidonda, wanaangaliwa usiku na mchana. Ile iliyoitwa dawa haikusaidia. Iliyosaidia ni ile ambayo hakuna aliyeipa jina la dawa.

Tangu mambo hayo nimejiwekea desturi. Mtu akiniuliza habari ya dawa mpya, kwanza namwuliza yeye: “Waitaka kwa nini? Unameza nini sasa?” Kisha namwambia mambo kwa mfuatano: kama imepimwa katika chupa, au kwa wanyama, au kwa watu, kama ni kwa watu, ni wangapi, na ilikuwaje kwa wale wasiopewa. Nisipojua, nasema sijui, na tunakwenda pamoja kwa muuguzi. Inachukua muda. Wengine huchoka, wakaenda kwa mchuuzi ambaye jibu lake ni fupi.

Mama wa kwaya hachoki. Baada ya Misa ya Jumapili iliyopita alinishika mkono akaniuliza juu ya dawa ya kupuliza puani, amesikia imetoka katika mwani na yazuia KOVIDI. Nikaketi naye kwenye benchi nje ya kanisa. Nikamwambia kwamba ni karaginani, ya namna ile itokayo katika mwani ambao wanawake wa Zanzibar huuita spinosum. Huko Argentina waliipima kwa wafanyakazi wa hospitali 394: kati ya 196 walioipata waliugua 2, na kati ya 198 wasioipata waliugua 10. Nikamwambia kwamba habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021, ni njema, lakini watu hao ni wachache, na jaribio lilikuwa fupi. Haimhusu mtu anayetaka kuacha chanjo, wala haihusu ugonjwa wake yeye hata kidogo, maana hupakwa puani na hukaa puani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza wale wanawake wa Zanzibar hulipwa kiasi gani kwa kilo. Nikasema ni kidogo sana. Akatikisa kichwa, akajifunga kitenge chake, akasema: “Basi, mwalimu, wakimaliza kupima, uniambie.”